Dari Chini ya Sakafu

Kaye hii, daftari ya siku zangu, ni ya Mbayo Mukalay, muchungaji wa byombo bya kupima ku shule ya ufundi, Kolwezi. Mutu asiifungue kama mi siko pale.

Kazi Moja, siku ya kwanza ya kazi, tarehe 10 mwezi wa 10, 1988

Leo sitwayeni prefe Kisimba, mukubwa wa shule, aliniita mu biro yake. Nilifikiri ni juu ya mafuta ya mashini. Hapana.

«Muzee Mbayo,» anasema, «ordinateri ya shule, ile kompyuta, inakuya. Misioni moja ya Ulaya inatupa bule, na programu moja ya hesabu juu yake. Moja tu. Lakini iko mbili za kuchagua. Watatuachia zote mbili tujaribu, kisha mbele ya Noeli tuandike barua kusema tunataka ipi. Nimefanya komisyo ya batu batatu. We uko mumoja.»

Nikamuuliza programu ni nini. Akasema ni akili ya kutia mu mashini. Nikasema: basi mulifanya muzuri kuniita.

Bengine babili ni hawa. Wa kwanza ni enjeniere Tshimanga, anafundisha ujenzi, viatu yake haijaonaka matope. Wa pili ni Ndaya, mwalimu wa hesabu, mutoto wa ndugu yangu, ananiita tata, ni kusema baba. Prefe anataka kila mumoja aandike mu kaye bile anaona. Mi nitaandika kupita bote.

Mutu akiuliza juu ya nini muzee wa kushika mira aingie mu komisyo, asome hapa. Mira ni ubao murefu wa namba. Mi nausimamisha, mukubwa anachungulia mu darubini ya kupima, anasoma namba. Miaka makumi tatu na moja nilifanya hii kazi mu mine, ku machimbo ya shaba, juu ya udongo na chini ya udongo. Bakubwa kumi na bane balipita, mi nikabakia. Kilima cha mawe ya Mutoshi najua urefu yake kama urefu ya kitanda yangu. Herufi nilijifunza nikiwa mukubwa, ku masomo ya mangaribi ya misioni, na mpaka leo zinanisumbua. Lakini namba! Namba inanijua.

Kazi Tatu, 12

Mvua ya kwanza. Kidogo tu, ya kusalimia.

Posho, siku ya sita, 15

Imefika! Ilitoka Lubumbashi na gari ya misioni, mu sanduku tatu. Mi mwenyewe njo nilibeba ile ya kioo, sikumuachia mutu. Tshimanga anasema: «Muzee, utavunjika mugongo.» Nikamuambia mugongo yangu ilibeba mira mbele baba yako hajaoa.

Tuliweka mashini mu salle ya pili. Bibi yangu Mado alitoa kikwembe yake nzuri, nguo ya kujifunga, tuifunike vumbi isiingie. Ndaya akatia umeme. Ikalia kama kuku mudogo, kioo ikawa nyeusi, kisha herufi za rangi ya majani zikatoka moja moja. Batoto ya shule, ile balikuwa ku dirisha, bakapiga kelele. Mi pia nilipiga, siwezi kuficha.

Programu iko mu sahani nyeusi ya kupindika, banaita disketi. Moja iko na karatasi ya rangi ya majani, ingine karatasi nyekundu. Majina yao ni ya kizungu na marefu. Mi nitaziita Majani na Nyekundu.

Kazi Mbili, 18

Mvua. Nyekundu inasumbua. Majani haisumbui.

Kazi Ine, 20

Nimeziangalia siku nne, na naelewa kupita batoto ya mwaka wa sita.

Majani iko hivi: unatia namba, unabonyeza, jibu inatoka, mustari moja. Haiulizi, haielezi. Kama mukubwa wa zamani mu mine. Tshimanga anaipenda sana: «Mu kazi ya kweli mutu anataka jibu. Biro zote za maenjeniere zinaenda mbio hivi. Batoto bajue hii, bapate kazi.»

Nyekundu inataka uandike hesabu yote, vile mwalimu anaandika ku ubao mweusi, hatua kwa hatua. Hatua zote zinabakia pale, mutu anaweza kurudi kuziangalia. Ukipenda, inakuchorea. Ndaya yeye anaipenda hii. Anasema: «Tata, na Majani mutoto atajua kubonyeza tu. Hata mbuzi inaweza kubonyeza.»

Tshimanga akajibu: «Mbuzi ya kubonyeza muzuri itapata kazi mbele ya mwalimu wa kueleza.»

Tulicheka mpaka prefe akatoka mu biro.

Kazi Moja, 24

Sasa kitu kikubwa. Kiko chini ya atelye yetu, ile nyumba ya mashini za kukata chuma. Maji ya mwaka jana ilichimba pango chini ya ukuta wa nyuma. Leo tuliingia na taa: pango limekula mpaka chini ya mashini kubwa ya tour, ile ya kuzungusha chuma. Mvua ikikaza, atelye itaanguka, na shule ya ufundi bila atelye ni shule ya kuimba.

Prefe alienda kuomba ku mine. Batatupa mawe na kamyo za kuyabeba, siku mbili, mara moja tu, mwanzo wa mwezi wa 12. Lakini banataka namba ya kamyo mbele, ku barua yenye muhuri. Kamyo moja inabeba metre kumi za ujazo, banaita metre kibe. Tukisema kidogo, pango litabakia wazi na hakuna kurudi kuomba.

Prefe ana akili. Akasema: «Hii njo mutihani ya programu. Tupime pango, tutie namba mu Majani na mu Nyekundu. Ile itafanya kazi muzuri, tunaichagua.»

«Nani atapima?» Tshimanga anauliza, na anajua jibu.

Nikasimama. Nikaenda kuleta kofia yangu ya chuma.

Kazi Tano, 28

Tumepima! Tuligawa pango fasi kumi na tatu, zote sawa kwa ukubwa. Fasi tisa za mbele ziko na mwangaza, Ndaya alipima na metre ya kukunja, toka chini mpaka juu, hakuna shida. Lakini fasi nne za ndani ni giza na matope, na dari inatoa majiwe. Tshimanga alisema basi tukadirie.

Kukadiria! Nikamuambia kaa na viatu yako.

Niliingia mi, na mira na taa. Darubini ilibakia ku mulango wa pango, Ndaya anasoma, na Ntumba, binti wa mwaka wa sita, anaandika mu kaye. Kila fasi nilitoa namba mbili, moja ya chini, moja ya dari. Magoti yangu ililia lakini mudomo haikulia. Batoto balipiga mikono nilipotoka. Mado alikataa niingie mu nyumba na ile matope, nikakulia inje chakula, bukari na mboga ya sombe, na majirani balikuya kusikia habari. Nilibaelezea yote.

Kazi Tatu, 2 mwezi wa 11

Mvua ya siku tatu. Udongo wa pango unaanguka kidogo kidogo. Unasikia: pu. Kisha pu tena.

Kazi Mbili, 8

Siku ya mutihani. Salle ilijaa, prefe mbele, balimu bote. Mi nilivaa abacost, suti yangu ya sherehe.

Majani ikaanza. Tshimanga akatia namba, akabonyeza. Hata wakati ya kukohoa haukupata: 190. Kamyo kumi na tisa. Batu bakapiga mikono.

Nyekundu ikafuata. Ndaya aliandika hesabu: ya chini kutoa ya dari, mara ukubwa wa fasi, kisha kujumlisha. Ilichukua muda, batu banapiga mwayo. Jibu: 190.

«Sawa sawa!» Tshimanga anasema. «Jibu moja. Basi tuchukue ile ya mbio, twende kukula.»

«Ngojeni,» anasema Ndaya. «Bado haijachora.»

Akabonyeza. Mustari mbili zikatoka ku kioo, moja ni dari, ingine ni chini ya pango. Zinaenda muzuri, dari juu, chini iko chini, fasi ya kwanza mpaka ya tisa. Kufika ya kumi zikakatana. Dari ikashuka chini ya sakafu! Ikabakia pale mpaka ya kumi na tatu.

Salle yote ikacheka. Tshimanga akafuta macho: «Sitwayeni Ndaya, programu yako inajenga nyumba kichwa chini! Batoto batatembea ku dari kama mijusi.»

Ndaya hakucheka. «Haichori bile inapenda. Inachora namba tulitia. Kuna namba iko na kosa.»

«Namba za nani?»

Ndaya aliniangalia, kisha akaangalia viatu. «Ile nne za ndani. Za tata Mbayo.»

Moto ikanipanda. Nikasimama mbele ya bote nikasema: namba zangu hazijagonjwaka toka mwaka 1949. Mashini gani inaweka dari chini ya sakafu? Mulevi hawezi! Majani ilichukua namba zangu ikazikubali bila kelele, hii njo mashini ya heshima. Voti yangu ni Majani.

Tshimanga: Majani. Ndaya: Nyekundu. Imekwisha. Barua ya kamyo kumi na tisa itaenda Kazi Moja ya 21, pamoja na barua ya programu.

Nilishinda. Nimekula bukari vizuri.

Kazi Ine, 10

Ndaya hakunisalimia.

Kazi Tano, 11

Hakunisalimia. Mvua.

Siku ya Mungu, 13

Ku kanisa alikaa mustari wa nyuma. Mado ananiambia: «Mutoto analia juu yako.» Nikasema analia juu ya mashini. Mado anasema: «Yeye hana mashini. Ana batoto makumi ine mu darasa, anataka bajue fasi hesabu inatoka. Na weye, mu mine, nani alikuelezaka kitu?»

Hakuna mutu alinielezaka. Balisema simamisha, nikasimamisha.

Kazi Tatu, 16

Pu. Pu. Pu. Leo mashini ya tour iliegama kidole moja. Tshimanga aliweka chupa ya maji juu yake kuona kama inaegama tena. Hakuna mutu alicheka.

Posho, 19

Nitaandika yote leo, hata mukono ukivimba.

Asubui nilienda ku nyumba ya Ndaya. Nikamuambia: kuya, tunaenda mu pango, nikuonyeshe dari iko wapi, kisha utaheshimu baba yako. Muite Ntumba, aandike kama ile siku. Akatwaa koti.

Ndaya ku darubini, Ntumba na kaye. Mi nikaingia mpaka fasi ya kumi. Maji ku magoti. Nikasimamisha mira chini, Ndaya anasoma: «Metre moja na kumi.» Nikageuza mira kichwa chini, nikaegemeza muguu yake ku dari, vile tulifanyaka siku zote chini ya udongo, kwani dari iko juu ya jicho la darubini. Nikapiga kofia yangu mara mbili, ko ko. Ndaya anasoma: «Moja na makumi tano.»

Ntumba anaita toka inje: «Muzee, samahani. Mbona unajipiga kichwa?»

Nikasema: nini?

«Ile siku ingine pia ulijipiga. Mara mbili, kila fasi. Tulifikiri ni majiwe inakuangukia.»

Nikabakia na mira mukononi. Mu mine kulikuwa kelele ya mashini za kutoboa, mudomo haikusaidia kitu. Mutu wa mira akiigeuza, anapiga kofia mara mbili. Mukubwa ku darubini anasikia ao anaona taa ya kofia inaruka, anajua mira iko kichwa chini, anatia mustari mudogo mbele ya namba. Ile mustari inasema: hii inahesabiwa kwenda juu, haiko kwenda chini. Miaka makumi tatu na moja nilipiga kofia, na siku zote mutu mwingine alitia mustari. Mi mwenyewe sijaitiaka hata mara moja. Nani angeitia hapa? Ndaya alisomea hesabu mu salle yenye madirisha. Ntumba ana miaka kumi na minane.

Nikauliza: mu kaye yenu, mbele ya moja na makumi tano, muliandika mustari?

«Mustari gani, tata?»

Mungu wangu. Mashini haikulewa. Nyekundu ilichora kweli kitu tuliitia: dari chini ya sakafu. Na Majani ilimeza ile upumbavu, ikatema 190, na batu bakapiga mikono. Na mi wa kwanza.

Nikatoka. Nikamuambia Ndaya yote, pale pale, matope inanitiririka. Akakaa juu ya jiwe. Akahesabu ku kidole, ku kaye, akahesabu tena. Kisha akapiga mbio ku salle, mi nyuma na kofia, Ntumba mbele yetu bote.

Ndaya akafungua Nyekundu. Hatua zote zilikuwa pale, hakuna kuanza upya. Akanionyesha fasi. «Tia weye, tata.»

Sikuwa nimebonyeza ile mashini toka ifike. Kidole yangu ni nene kupita kibuto. Nikabonyeza mustari mudogo mbele ya namba ya fasi ya kumi. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Kila mara nikibonyeza, mustari wa dari unaruka juu, kama mutu anaamka ku kitanda! Ya mwisho iliporuka, dari yote ilikuwa juu, safi, mpaka mwisho wa pango. Nilipiga kelele mpaka mulinzi akakuya mbio kufikiri ni mwizi.

Jibu: 334. Kamyo makumi tatu na ine. Hatukuwa tunakosa mawe kidogo. Tulikuwa tunakosa karibu nusu, na ile nusu iko chini ya mashini ya tour.

Ndaya akasema polepole: «Tata, barua inaenda Kazi Moja. Lazima tuambie komisyo. Nitasema ni kosa langu, mi njo nilikuwa ku darubini.»

Nikasema ukisema hivyo nitakupiga na mira.

Kazi Moja, 21

Niliingia mu biro ya prefe mbele kengele haijalia. Tshimanga alikuwa pale, barua mukononi, inangoja muhuri.

«Muzee Mira!» anasema. «Umekuya kuaga kamyo zako?»

Nikasema: barua ina kosa. Namba nne zilikuwa zangu, na nilizitoa vile mu mine, ku batu ile hawajui mine. Kamyo ni makumi tatu na ine.

Prefe akaweka kalamu chini. Tshimanga alifungua mudomo, na nilijua kitu kitatoka. Toka mwaka 1949, si ndiyo? Mulevi hawezi, si ndiyo? Nilikuwa nimesimama sawa kungoja. Lakini akafunga mudomo, akauliza: «Majani haikusema kitu?»

«Haikusema.»

«Na mi nilibonyeza.» Akakaa. «Muzee, niko enjeniere. Mira ya kugeuza nilisomeshwa ku chuo. Ningeuliza namba zilipimwa namna gani, ningejua. Nilitaka kwenda kukula.»

Prefe akauliza komisyo inasema nini juu ya programu. Tshimanga akasema Majani ingali ya mbio na biro zinaipenda, hilo haliwezi kubadilika. Ndaya akasema mu biro iko enjeniere wa kusahihisha, mu darasa iko mutoto peke yake na kioo. Balianza kupigana tena, muzuri sana, nilifurahi kusikia. Nikapiga meza.

Nikasema: natoa voti yangu ku Majani. Naitia ku Nyekundu. Mutu anaweza kunicheka mu nyumba yangu, karibu, Mado atamupa kiti. Lakini mashini ile inakaa kimya nikikosea, simupatii mutoto.

Barua ya kamyo ikapasuliwa. Ikaandikwa ingine.

Kazi Tatu, 30

Mvua kubwa. Chupa ya Tshimanga ilianguka ku tour. Atelye imefungwa, batoto hawaingii.

Kazi Ine, 1 mwezi wa 12

Kamyo! Moja, mbili, kumi, kumi na tano! Nilizihesabu ku mulango na chaki. Batoto banapanga mawe kama kulisha mudomo wa jitu. Tshimanga alivua viatu. Nimeona miguu yake: ni myeupe kama unga.

Kazi Tano, 2

Ile ya kumi na tisa ilipomwagwa, tulisimama bote. Prefe pia. Tuliangalia ndani na taa: pango lingali wazi, jeusi, mpaka chini ya tour. Ya makumi mbili ikaingia kinyumenyume.

Ya makumi tatu na ine ilibakiza mawe ya karai tano. Batoto balitengeneza ngazi.

Kazi Tatu, 7

Mvua siku nne, usiku na mchana. Hakuna pu.

Kazi Tano, 9

Leo Ndaya aliandika barua ya misioni, ya kuomba Nyekundu. Banataka sababu ya kuchagua, mistari mitano. Aliandika mistari ine, wa kuchora na wa hatua na wa kusahihisha na wa kueleza, kizungu kizuri. Kisha akaniuliza: «Tata, mustari wa tano utasema weye?»

Nikasema: andika. Ilimuonyesha muzee Mbayo Mukalay kosa moja, la kwanza mu miaka makumi tatu na moja.

Ndaya akashika kalamu juu. Tshimanga alikuwa ku dirisha, akageuka.

«La kwanza, tata?»

«La kwanza kuonekana,» nikasema. «Andika.»

Akaandika.